Chumvi, Dawa Mbili na Kazi Uliyoninyang'anya

Malindi, Jumamosi alasiri

Charo, mwizi wa kazi yangu,

Watu wakiandika barua huanza na hali ya mwili, kisha mvua, kisha wasalimie wote. Hali ya mwili wangu waijua, uliitangaza mwenyewe mbele za watu. Mvua haijanyesha. Na wa kusalimiwa ni wewe peke yako, ambaye uko hapo nyuma ya nyumba, nakusikia unaipiga pasi suruali yako ya kesho huku ukiimba. Sauti hiyo ingekuwa mota ningeshaita watu waje waibebe.

Naandika nikiwa kwenye kibanda cha pampu. Sinyora wetu wa Kiitaliano amelala usingizi wake wa mchana. Kwa mdomo sikusemeshi, nimeapa, na mama yako amechoka kuwa posta baina yetu. "Baba yako asema kiatu chako kimoja kiko juu ya paa." "Muulize nani aliyekitupa." Umekipata lakini? Vizuri. Huwezi kwenda kuniibia riziki Mtwapa ukiwa na mguu mmoja mtupu.

Sitakwambia ule vizuri, wala uwaheshimu wakubwa, wala ujihadhari na baa za huko. Mama yako amekwisha kukwambia hayo mpaka masikio yako yameshuka. Mimi nitakwambia habari ya maji. Lakini kwanza tuikumbuke siku ile, maana nakujua, wewe unaikumbuka kana kwamba ulikuwa shujaa.

Yule bibi Mjerumani alikuja kwa Sinyora kunywa chai. Ana nyumba Mtwapa, ukingoni mwa mto wa bahari, na bwawa la kuogelea la maji ya chumvi kama letu, na bwawa lenyewe limeoza. Sinyora akanisifu kwa Kiswahili chake cha vipande: "Karisa yangu! Hapana mtu kama Karisa kwa maji!" Nami nimesimama pale na shati jeupe, kifua mbele, natazama mbali kama mtu asiyesikia. Kila mtu nyumbani alijua ile chai ilikuwa na maana gani. Sinyora anarudi kwao kabisa, na mtu anayenunua nyumba hii amesema bwawa atalifukia apande minazi. Minazi! Hapa pwani, kana kwamba minazi ni kitu cha kutafutwa. Kwa hiyo ile kazi ya Mtwapa ilikuwa yangu, imekatwa kwa kipimo changu.

Nikakohoa. Mara moja, kidogo, na ile filimbi yangu ya kifuani ikatoka.

Bibi akauliza, "Kwa nini yeye nakohoa?"

Mimi nilikwisha kufungua mdomo niseme ni vumbi. Wewe ulikuwa umesimama kando na wavu wa majani mkononi, hakuna aliyekuuliza kitu, hata kwa jicho. Ukasema, "Baba ana kifua."

Ana kifua. Maneno mawili. Ungesema ana mafua. Ungesema amepaliwa na mate. Ungekaa kimya kama wavu ulioushika. Hapa kwetu mtu akiambiwa ana kifua, majirani huanza kumtengea kikombe chake. Na yule dereva wake, Mutua, hakuwa na haja ya kupunguza. Akamgeukia bibi akamweleza kwa lugha yao, kisha akanitazama mimi kwa huruma, akasema, "Pole sana mzee. Hiyo ya kulazwa, ama iko na dawa?"

Mzee! Mimi! Nilikuzaa kabla sijaota ndevu za kunyoa. Tukipita sokoni wewe na mimi, wauza samaki huuliza mkubwa ni nani, na mara nyingi hukuchagua wewe kwa ajili ya hayo mabega yako ya punda.

Bibi akarudi hatua nyuma, akaweka kikombe chini taratibu, kana kwamba mimi ndiye niliyekishika. Kisha macho yake yakakuangukia wewe. "Na wewe? Wewe najua kazi ya maji?"

"Najua," ukasema.

Najua! Loo, nilitaka kukupiga na kukubusu kwa wakati mmoja. Uongo ule ulikuwa wa kwangu kabisa, umetoka kwenye damu, mama yako hawezi kusema uongo hata kwa mkusanya sadaka. Wewe wajua nini kuhusu maji? Wajua kuokota majani kwa wavu. Wajua kuruka ndani Sinyora akienda sokoni. Wajua kukojoa humo, usidhani sikuona, uso wa mtu anayekojoa majini haufichiki. Kibanda hiki hujawahi kukiingia. Nilikufukuza humu tangu ulipoanza kutembea, na nilifanya makusudi. Nikimfundisha mtu kazi yangu, kesho ataifanya yeye. Basi sikukufundisha, na bado umeichukua. Akili zangu na zako zikikutana njiani hazitaamkiana.

Sasa sikiliza jinsi mimi nilivyojifunza, maana mimi sikufundishwa na mtu, na hili nalisema nikiwa nimejitanua.

Bwawa hili lilijengwa na Sinyori marehemu. Akaleta fundi kutoka Mombasa, fundi akachimba kisima pale chini mchangani, akavuta bomba, maji ya bahari yakaja mpaka hapa. Watu wa mtaa walikuja kutazama wakacheka: bahari ile pale, nawe unaileta nyumbani ya nini? Kisha fundi na Sinyori wakagombana kwa sababu ya vigae, fundi akaondoka na maarifa yake yote. Kitabu cha mitambo kilikuwa cha Kiitaliano. Sinyori akatazama watu wake. Mpishi akatazama chini. Mlinzi akatazama chini. Mimi, kijana wa bustani, darasa la tano nusu, nikasema, "Najua."

Umeona ulikotoa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu nzuri kabisa. Nilijiuliza: bahari nani huitia dawa? Hakuna. Nayo haiozi. Basi maji ya chumvi yanajitunza. Nikakaa kivulini nikala maembe. Siku chache maji yakawa na utelezi, kisha yakawa kijani, kijani ya mchicha uliopikwa na nazi. Wageni wakafika kutoka kwao kwa ajili ya Pasaka. Sinyora akatoka na nguo yake ya kuogelea, akatazama, akapiga kelele, "Karisa! Hii supu!" Nikamwambia ndiyo rangi ya majira, mama, yatarudi. Akaniamini kutwa nzima. Nilikuwa na ulimi mtamu siku zile, kabla haujaingiliwa na filimbi.

Bahari inajitunza kwa sababu haikai. Inakwenda, inarudi, inajipiga miambani. Ukiifunga ndani ya vigae inakuwa kama mtu yeyote aliyefungwa, inanuka. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuyafanya maji yatembee. Pampu ilale usiku, mchana ifanye kazi. Hata kama bibi atalalamika kelele.

Chujio lile kubwa lina mchanga tumboni. Uchafu ukijaa, sindano ya saa yake ya kupimia msukumo hupanda, na hapo unageuza ule mkono ulio juu yake ili maji yapite kinyumenyume yatoke na uchafu. Zima pampu kwanza, ndipo ugeuze mkono. Mimi niligeuza mota ikiwa inanguruma. Kitu kilipasuka humo ndani kama fupa, na mchanga wote wa chujio ukatapikwa ndani ya bwawa, Sinyori akiwa anaogelea. Akatoka kama chapati iliyomwagiwa unga. Nilikatwa kwenye mshahara, ila nilicheka mpaka Jumatano. Na yale maji machafu yanayotoka, peleka mbali na miti. Mimi niliyaelekeza kwenye maua ya ukutani nikadhani nayanywesha. Chumvi ikayaua yote, ukuta mzima, na Sinyora akalia vile ambavyo hakulia kwenye maziko ya mumewe. Mlinzi aweza kuthibitisha.

Kupima, watu wana vichupa vya matone, moja hugeuka manjano, moja nyekundu. Sinyora alikuwa navyo vikaisha. Mimi nilitumia mwili. Nilionja maji kama mama yako anavyoonja mchuzi. Nilizama nikafungua macho: yakichoma, kuna kitu. Nilisugua vigae kwa kidole: vikiteleza, dawa imekwisha. Ngozi yangu ilijua kabla ya vichupa. Toka Watamu mpaka Mambrui hakuna bwawa la chumvi lililong'aa kama langu, na wazungu wengine walikuja kwa Sinyora wakisingizia chai, kumbe wanatazama maji yangu. Wewe ngozi yako sijui kama inajua kitu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukikalia siafu hadi wachoke wenyewe.

Sasa nafika mahali pabaya, na unisome taratibu.

Kuna neno moja ambalo litakuua, nalo ni neno zuri, ni neno dawa.

Sinyori aliniletea mapipa mawili. Akaniambia, "Hii dawa ya maji. Na hii dawa ya maji." Ya kwanza unga mweupe, inaua ule ukijani. Ya pili majimaji, kali, asidi, inayarudisha maji yakizidi kuwa mazito na kuacha ukoko kwenye vigae. Kwa lugha yao zina majina mbalimbali. Kwetu zote ni dawa. Tena mimi nimekulia Ganze, nimeona dawa tangu nikiwa mgongoni. Mganga akija hatii mzizi mmoja peke yake. Huchanganya, hukoroga, na kadiri alivyochanganya ndivyo watu wanavyomwogopa. Mtu akiugua sana hapewi dawa moja. Basi siku moja maji yaliniharibikia vibaya na Sinyori yuko njiani kutoka uwanja wa ndege. Nikasema, leo mgonjwa huyu nampa zote mbili. Nikatia unga ndoo moja, nikamimina ile kali juu yake, hapahapa kibandani, mlango nimeufunga ili mpishi asione siri yangu.

Ndoo ikachemka bila moto. Ukatoka moshi wa manjano yenye ukijani, mzito, haupandi juu, unatambaa. Nikavuta pumzi moja tu, Charo. Moja. Ilikuwa kama mtu ameingiza mkono kooni akakunja ngumi. Mlango niliufunga mwenyewe na sasa sikuuona. Nilitambaa nikipiga ukuta kwa kichwa mpaka kichwa kikapata ubao badala ya jiwe. Mpishi alinikuta nje kwenye nyasi natoa mapovu, akadhani nimelogwa, akanimwagia maji ya ubuyu aliyokuwa nayo mkononi. Sinyori alipofika nilikuwa nimeketi, macho mekundu, nanukia ubuyu. Nikamwambia, "Karibu, bwana. Maji tayari."

Filimbi ilianza siku ile. Siyo pumu ya ukoo kama nyanya yako anavyosema, siyo baridi ya asubuhi, siyo kifua kikuu. Ni ndoo. Mama yako anajua. Wewe sikukwambia kwa sababu ulikuwa ukiniigiza. Ulikuwa mdogo, ukikohoa fyuuu, fyuuu, unazunguka ua, watoto wa jirani wanaanguka kwa kicheko, nami nacheka nao. Uliigiza vizuri. Nikaona heri ubaki unacheka kitu cha ukoo kuliko kitu cha ujinga wangu.

Na habari za huko Mtwapa ninazo: Mutua dereva, yule mwenye huruma nyingi, jana alipoleta ujumbe wa nauli yako nilimsimamisha langoni.

"Stoo ya dawa iko wapi huko?" nikamuuliza.

"Iko kachumba kadogo nyuma ya jikoni. Haina dirisha."

"Mapipa yako pamoja?"

"Yote pamoja, mzee. Ya blue, yamefanana kabisa. Mtu akifungua mlango macho inawasha."

"Na mfanyakazi wa kwanza alikwenda wapi?"

Mutua akatazama viatu vyake. "Huyo alikuwa mgonjwa. Akarudi kwao."

"Mgonjwa wa nini?"

"Si hii tu ya kifua kama yako," akasema.

Basi sasa wajua kitu nilichokuwa nakijua tangu jana. Wewe uliyesema "najua" utafungua mlango ule Jumatatu asubuhi, utaona mapipa mawili yaliyofanana, na bibi atakwambia kwa Kiswahili chake, "Tia dawa." Nawe utatia. Utatia kwa mikono miwili kwa sababu unataka kumwonyesha mtu.

Nikwambie nilichowaza. Sitajipamba. Niliwaza nikuache. Usiku kucha nilisema, alinitaja kifua, naye apate chake, tuwe filimbi mbili nyumba moja. Kisha bibi yule atarudi mbio kumtafuta baba, na baba atavaa shati jeupe. Nilipika wazo hilo likaiva, na lilinukia vizuri. Asubuhi nilikuwa bado nalila.

Halafu mama yako akapita na suruali yako akasema, "Hii ya kesho ya somo." Hujui alivyonichoma.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake mzaa baba, akawa somo wake, na ndiyo sababu nilikuita baba tangu uko kwenye kanga. Watu huona ni heshima. Mimi nilikuwa na furaha yangu ya siri. Charo mkubwa ndiye aliyenitoa shule nikachome makaa, akasema kusoma kunatosha mtu akijua kuandika jina lake. Alikuwa na fimbo ya mkwaju ambayo mimi ndiye niliyetumwa kuikata. Sasa amenijia Charo mwingine, mdogo, uchi, haongei. Nikikuchapa, nachapa wawili. Nikikutuma maji, namtuma yeye. Umekula viboko vingi ambavyo havikuandikwa jina lako, au tuseme viliandikwa jina lako hasa.

Ule mwaka wa ukame, wa mahindi ya njano ya msaada, ulikuwapo hapa, waukumbuka. Jua lilikuwa linakunywa bwawa, na mimi kila likipungua najaza kwa bomba la bahari. Kumbe jua hunywa maji tu, chumvi huiacha. Nami naongeza chumvi juu ya chumvi. Maji yakawa machungu kupita bahari yenyewe, kando kukaota ukoko mweupe, Sinyora akaelea kama kifuu bila kuogelea. Maji ya chumvi yakipungua kwa jua huongezwa maji matamu. Hilo ulishike. Basi tukayamwaga nusu, na Sinyori akaagiza lori la maji matamu, mwaka ule, wakati mabomba ya mji yanakohoa hewa na watu wanalala foleni na madebe.

Lori linashusha, mpira mnene kama paja langu, maji matamu yanamwagikia ndani ya chumvi, na langoni amesimama mzee na madebe matupu. Alikuja kwa lori la makaa kutoka Ganze. Miguu imepasuka, mdomo mweupe.

"Karisa. Nimekuja."

"Nimekuona, baba. Ngoja lori lishushe."

"Nina kiu."

"Ngoja lori lishushe."

Akatazama ule mpira. Akatazama bwawa, jinsi lilivyo buluu. Nikamwambia, "Si maji hayo hapo? Karibu." Mlinzi akaelewa, akaanza kucheka kabla. Mzee akapiga magoti pale kwenye vigae, akachota kwa viganja viwili, mdomo mzima. Yakashuka nusu. Yakarudi. Akatapika juu ya goti lake, akaniinulia uso, akaniuliza, "Karisa, maji haya umeyafanya nini?"

Tulicheka. Mlinzi, utingo wa lori, mimi, mimi zaidi, mpaka filimbi ikanikaba. Sijapata kucheka hivyo tena. Na wewe ukatoka jikoni mbio na kopo la maji, unamwaga nusu njiani, magoti yako makubwa yanagongana, ukampa. Akanywa. Akasema, "Ahsante, somo." Mimi miaka yote ya fimbo na makaa sikuwahi kusikia neno lile kinywani mwake, sikujua kama alikuwa nalo. Akajaza madebe yake bombani, akaondoka bila kuniaga, na mvua iliponyesha tulikuwa tumeshamzika.

Sikuombi chochote kwa habari hiyo. Ulikuwapo, uliona. Nakwambia tu kwamba Charo mmoja nilimtazama akiinamia maji ninayoyajua mimi na yeye hayajui, nikanyamaza kwa ajili ya kicheko. Leo asubuhi nilijiona nimesimama palepale kwenye vigae, nanyamaza. Kicheko nikakitafuta. Hakikuja, mwanaharamu.

Kwa hiyo nakupa kazi yangu yote, bila kupenda, na ujue kwamba sipendi.

Unga utie jioni, jua likitua, maana jua hula nguvu yake. Uyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji, umwage kuzunguka, pampu ikitembea. Ile kali ni kwa siku nyingine kabisa, asubuhi, upepo ukiwa mgongoni. Tia maji ndooni kwanza, ndipo asidi juu yake polepole. Usianze na asidi ukaifuatisha maji, itakurukia usoni. Ndoo ya unga ni ya unga mpaka ife. Ndoo ya asidi ni ya asidi. Kikombe cha kuchotea vivyo hivyo. Hata kijiko kimoja chenye majimaji kilichotoka huku kwenda kule chatosha kuamsha ule moshi. Na usiziite dawa. Iite moja unga na nyingine moto. Bibi akisema "tia dawa," muulize, "Ipi?" Muulize kila siku mpaka achoke. Aseme mvulana huyu ni mjinga. Mimi nitakuwa nimekwisha kulisema kabla yake.

Lakini kabla ya hayo yote, Jumatatu, kabla hujanywa chai, kabla hujaonyeshwa pa kulala, nenda kwenye kile kichumba. Fungua mlango, rudi nyuma, subiri hewa itoke. Kisha ingia, lisukume nje pipa la asidi, lile lenye majimaji yanayocheza ukilitikisa, livingirishe mpaka upande wa pili wa ua, mbali, penye kivuli na upepo, na hapo ndipo likae siku zote. Wataulizana. Bibi atakuja na kofia yake aseme rudisha, mahali pake ni ndani, yeye ndiye mwenye nyumba. Usirudishe. Mwambie hapana, mama. Najua hujazoea kumkatalia mzungu, hata mimi sijawahi, nimeishi hapa kwa ndiyo tupu. Wewe katalia. Akikufukuza, chukua suruali yako uliyoipiga pasi kwa nyimbo zote hizo, panda gari, rudi.

Nitakuwa langoni. Nitakuita mwizi aliyeshindwa hata kuiba. Nitawaambia wauza samaki, nitamwambia mlinzi, nitakuigiza unavyoshuka na mzigo wako, na nitafanya hivyo kila sikukuu mpaka nikose meno. Charo aliyefukuzwa nina maneno ya kumtosha maisha yangu yote. Charo wa kuletwa kwenye turubai sina hata neno moja.

Karisa wa Charo
Fundi wa maji, Malindi